Senti Sita na Nukta Nne

Saa tano usiku. Theluji imeziba nusu ya dirisha la jikoni,
nimevaa koti la marehemu Waino humu humu ndani,
nazichambua bei kama mtu achambuaye maharage:
hii ina jiwe, hii imetobolewa,
hii nzima, lakini nauli yake inazidi mwili wake.

Risasi ndogo, namba ishirini na mbili.
Sanduku la mia tano, dola thelathini na mbili.
Nagawanya kwa penseli nyuma ya bili ya umeme:
senti sita na nukta nne kila mlio.
Rautio wa njia panda anauza senti tisa.
Huwapa watoto peremende, hunisukumia gari likikwama,
na kesho nikikutana naye kanisani
nitaangalia viatu vyangu.

Mfuko wa klabu una dola mia na arobaini na moja,
jasho la chapati za maji na shira ya mepo
Jumapili ile ukumbi wa wastaafu wa jeshi ulipojaa moshi
na kengele ya moto ikalia, tukaendelea kukaanga.
Watoto kumi na mmoja. Jumanne kumi na mbili.
Masanduku manne ni risasi elfu mbili:
kumi na tano kwa kila mtoto, kila Jumanne,
na zinabaki ishirini.

Hizo ishirini ni za kukataa.

Maana risasi hizi moto wake hauko kitovuni.
Umepakwa ukingoni, ndani ya pindo jembamba la shaba,
na pini hugonga pembeni.
Palipopakwa kwa pupa, pini hugonga bure.
Ndiyo maana ya bei, Rautio hunikumbusha: rahisi ghali, Ardith.
Namwitikia. Lakini nami ni mtu wa ukingoni;
mgodi ulifungwa nikiwa mwari, shule ilifungwa juzi,
lami inakomea kwenye sanduku la barua la akina Salmela.
Bado tukigongwa, mara nyingi tunawaka.

Jumanne iliyopita ilimwangukia Easton Kangas,
miaka tisa, mtoto ambaye hata usingizini anapiga mateke.
Alilala kifudifudi juu ya mkeka, akavuta pumzi, akabana.
*Tik.*
Basi. Kama mtu aliyefungua kinywa akasahau jina.

"Mtutu mbele," nikasema. "Usifungue. Hesabu thelathini."

Wakahesabu wote, bila sauti, midomo ikicheza.
Jiko la kuni lilikohoa. Theluji ikaporomoka paani.
Kumi na nane, kumi na tisa,
na Easton hakutingisha hata kidole cha mguu.
Niliona ubavu wake ukipanda na kushuka,
polepole,
kama wa mtoto wa mtu mwingine.
Thelathini.
Tukafungua. Ikadondoka kiganjani mwangu, nzima,
ina kovu dogo pindoni, kama alama ya jino la maziwa.
"Naweza kuichukua?"
"Huwezi." Ikaenda kwenye kopo jekundu na wenzake.
Usiku ule mama yake alinipigia simu:
umemfanya nini? Amekula chakula ameketi.

Nauli ni dola kumi na nane na nusu.
Jumla inaupita mfuko kwa tano na nusu.
Natoa kwenye mkebe wa kahawa wa Waino, sarafu kwa sarafu,
nusu nzima ya dola naitoa kwa senti moja moja
kwa sababu noti za kubwa kuliko hizo alinizikia mahali nisipopajua.

Yamebaki masanduku sita ghalani, kioo kinasema. Sasa matano.
Kuna mwingine macho usiku huu, mahali fulani,
na penseli yake.

Mleta mizigo atataka sahihi ya mtu mzima.
Nabonyeza. Ukurasa unazunguka, unafikiri,
kisha unanishukuru kwa herufi kubwa:
Asante, Waino. Karibu tena.

Akaunti ni yake. Miaka miwili sasa sijalibadili jina.
Nikafunga vifungo vya koti, nikazima taa.